Mwalimu Akishazikwa, Farasi Bado Wanangoja Nyasi

Msiba unapoingia katika nyumba ya mwalimu wa kupanda farasi, kazi ya kwanza ya asubuhi inayofuata huwa ni kulisha. Jamaa bado wanapigiana simu, mjane bado hajaamini alichoambiwa usiku, na huko mabandani vichwa vimeshachomoza juu ya milango ya nusu, vinamtazamia mtu ambaye hatakuja tena. Farasi mmoja wa kilo 500 anahitaji kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, na maji lita 25 hadi 50 kutegemea joto na kazi aliyofanya. Mavi anayoyaacha bandani kwa siku hupita kilo 20. Mwalimu aliyekuwa na farasi kumi ameacha kazi ya watu wawili watatu, na kazi hiyo haijui matanga.

Kwetu tunajua kushika msiba. Mfiwa hapiki wala hachoti maji. Majirani wanaleta kuni, unga na sufuria kubwa, vijana wanafunga turubai, kamati inaandika michango daftarini, na rambirambi za walio mbali zinaingia kwa simu. Mpaka tanga linapoanuliwa, nyumba haijalala peke yake hata usiku mmoja. Ni utaratibu mzuri, na sidhani kama wapanda farasi wa nchi yoyote wana bora kuliko huo. Lakini umepimwa kwa nyumba ya watu tu. Nyumba ya mwalimu wa farasi ina wafiwa wa namna mbili. Wapo wa damu na wa ndoa. Halafu wapo wanafunzi, ambao pengine walishinda naye saa nyingi kuliko alizoshinda na wanawe. Kundi hili la pili huja msibani likilia kweli, na likishalia halijui lishike nini. Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba lishike toroli na uma wa kuzolea nyasi, na lisiviachie mpaka familia yenyewe iseme basi.

Asiyewahi kujifunza kupanda farasi anaweza kushangaa kwa nini mwanafunzi amlilie mwalimu wa mchezo kama anavyomlilia mzazi. Fikiria basi jinsi masomo yenyewe yanavyokwenda. Mtoto wa miaka saba anapandishwa juu ya mnyama mwenye nguvu za kumtupa muda wowote. Mwalimu anasimama katikati ya uwanja, ameshika kamba ndefu, farasi anamzunguka, na mtoto hana cha kumtegemeza ila sauti ile: teremsha kisigino, tazama mbele, pumua. Hofu haifichiki hapo. Farasi anaisikia katika mapaja na mikono ya mpandaji kabla mpandaji mwenyewe hajaikiri, na mwalimu anaiona katika masikio ya farasi. Kwa hiyo mwalimu mzuri anamjua mwanafunzi wake kwa upande ambao wengi wetu tunawaficha hata ndugu. Amemwona akianguka, amemfuta vumbi, amemwambia panda tena. Miaka 20 baadaye, mtu mzima mwenye kazi na watoto anashika hatamu na bado anaisikia sauti ile ile ikimwambia ateremshe kisigino. Sauti hiyo inapozimika, hakuna anayeweza kumwambia kwamba alikuwa mwalimu tu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka magharibi ya Marekani, na unaanza na kifo cha mama, si cha mwalimu. Buck Brannaman alizaliwa mwaka 1962. Yeye na kaka yake Smokie walikuwa wakionyesha michezo ya kamba tangu wadogo kabisa, hata wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, wakapata umaarufu wa kutosha kutokea katika tangazo la televisheni. Nyuma ya maonyesho hayo baba yao alikuwa akiwapiga vibaya. Mama alipofariki, hakubaki tena mtu wa kusimama kati ya baba na watoto. Kocha wa michezo shuleni ndiye aliyeona alama za kipigo mgongoni mwa Buck, na wavulana hao wakaondolewa nyumbani. Waliowapokea ni Forrest na Betsy Shirley, mke na mume wenye ranchi huko Montana, ambao walizoea kulea watoto wa watu wengine.

Brannaman amesimulia mwenyewe jinsi Forrest alivyompokea. Mzee yule hakumkalisha chini kumhoji wala kumhubiria. Alimpa glavu za ngozi, akampakia garini, wakaenda kutengeneza ua wa waya. Mtoto aliyekuwa akimwogopa kila mwanamume mzima alipewa kitu cha kuvaa mkononi na kazi ya kufanya kando ya mtu mtulivu. Sijasoma mahali popote maelezo bora ya namna ya kumkaribia mfiwa. Angalia pia kwamba farasi mwenye hofu hukaribiwa vivyo hivyo: humkimbilii, humkodolei macho, unafanya kazi yako karibu naye mpaka aone mwenyewe kwamba ukaribu wako haumuumizi.

Alipokuwa kijana, Brannaman alikwenda mjini Bozeman kumtazama mtu aitwaye Ray Hunt akifundisha. Alikwenda na mashaka, akarudi ameshapata mwalimu. Hunt alizaliwa mwaka 1929 katika jimbo la Idaho, akafanya kazi ya kuchunga ng'ombe kwa farasi. Alikuwa na farasi wake mmoja mkorofi, Hondo, aliyemshinda kabisa. Hondo ndiye aliyempeleka kwa Tom Dorrance, mfugaji mpole kutoka Oregon aliyezaliwa mwaka 1910, ambaye alimfundisha kutafuta sababu ya ukorofi kabla ya kutafuta fimbo. Siku hizo farasi mchanga alivunjwa. Alifungwa, alichoshwa, alipigwa mpaka akakubali. Dorrance na Hunt walifundisha kwamba jambo sahihi lifanywe jepesi kwa farasi na jambo lisilotakiwa lifanywe gumu, halafu aachiwe nafasi ya kuchagua. Hunt alikuwa akianza mafunzo yake kwa kuwaambia watu waziwazi kwamba amekuja kwa ajili ya farasi. Waliolipa ada walikuwa binadamu, lakini wakili alikuwa wa mnyama.

Bill Dorrance, kaka yake Tom, alifariki mwaka 1999. Tom alifuata mwaka 2003, akiwa na miaka 93. Ray Hunt alifariki tarehe 12 Machi 2009. Kufikia hapo Brannaman alikuwa mwalimu mkubwa. Nicholas Evans alimtumia kama kielelezo katika riwaya yake ya mwaka 1995 kuhusu mtu anayewatuliza farasi, na Robert Redford alimtumia kama mshauri alipoigeuza riwaya hiyo kuwa filamu mwaka 1998. Angeweza kutoa hotuba nzuri ya maombolezo akaendelea na safari zake. Badala yake, yeye na Carolyn Hunt, mjane wa Ray, walianzisha mpango uitwao Legacy of Legends wa kuwasaidia vijana wenye nia ya kujifunza kazi hii wapate kwenda kukaa na walimu. Kinachonigusa ni nafasi ya mjane katika jambo hili. Hakualikwa kukata utepe. Alikuwa mwanzilishi. Mara nyingi mno jina la marehemu linabebwa na wanafunzi wake kwenda huku na huko, mashindano yanapewa jina lake, kikombe kinachongwa sura yake, na mke au mume aliyekuwa akiamka naye saa kumi alfajiri kumshikia taa farasi anapozaa anakaa nyumbani hajui hata tarehe ya shughuli.

Turudi sasa kwenye yale mabanda ya asubuhi ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo wema usio na maarifa unapoweza kuua. Farasi hawezi kutapika. Alichokimeza kitatoka upande wa pili au kitamtesa ndani. Mwenye huruma akifika amekuta farasi wanapiga mateke milango, akaona ndoo ya nafaka, akawagawia kila mmoja kwa ukarimu, ameandaa msokoto wa tumbo, na msokoto ni miongoni mwa vitu vinavyoua farasi mara nyingi zaidi. Nafaka nyingi ya ghafla inaweza pia kuwasha ugonjwa wa ndani ya kwato ambao humwacha mnyama kilema. Kwa hiyo kabla ya kutia mkono ndani ya gunia, tafuta ubao wa chakula. Mabanda mengi huwa na ubao ukutani au daftari linaloonyesha nani anapewa nini na saa ngapi, nani mzee wa meno mabovu anayehitaji chakula kilicholowekwa, nani anatumia dawa. Kama hakuna ubao, toa nyasi kavu na maji safi, basi, halafu mpigie daktari wa mifugo anayelijua zizi hilo. Wawili wenye uzoefu wakikaa dakika chache na kuandika orodha hiyo siku ya kwanza, wamefanya zaidi ya mashada yote yatakayoletwa.

Halafu wapangane zamu. Kuna sentensi tunayoitoa msibani kwa moyo mweupe na ambayo haijawahi kumsaidia mtu: ukihitaji chochote niambie. Mfiwa hawezi kuijibu. Hajui anahitaji nini, na akijua anaona haya. Sema badala yake: mimi nitakuja Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja alfajiri, nitazoa mavi na kujaza maji, wewe endelea kulala. Ukishasema, uje. Zamu iandikwe na ipite arobaini, kwa kuwa fundi wa kwato anatakiwa kila wiki sita hadi nane, na mara ya kwanza anapokuja baada ya kifo ndiyo siku ambayo mjane anagundua kwamba hajui alikuwa akilipwa kiasi gani wala kutoka mfuko upi.

Suala la mali linahitaji uso mkavu kidogo. Katika zizi moja unaweza kukuta farasi wa familia, farasi wa wateja wanaolipia malazi ya kila mwezi, na farasi walioazimwa kwa makubaliano ya mdomo kati ya marehemu na rafiki yake. Asiondolewe hata mmoja mpaka msimamizi wa mirathi ajulikane na karatasi zionekane. Ulaya kila farasi anatakiwa kuwa na pasipoti yake, na hiyo inasaidia kumtambua mnyama, ingawa haithibitishi peke yake nani mmiliki. Kwenye chumba cha matandiko hatari ni ya namna nyingine. Mwanafunzi anaingia, anaona lijamu alilojifunzia, machozi yanamtoka, analichukua kama kumbukumbu. Mwingine anachukua mjeledi, wa tatu kofia. Wote wanampenda marehemu. Mwezi ukiisha, binti yake anaingia kutafuta harufu ya baba katika vitu hivyo, anakuta misumari mitupu ukutani. Hakuna kumbukumbu inayochukuliwa bila kuombwa, na isiombwe wiki ya mazishi.

Wapo pia wanaokuja na pole mdomoni na bei mfukoni. Wahenga walikwisha sema, kufa kufaana. Mjane anaambiwa kwamba farasi wanakula fedha, ambayo ni kweli, na kwamba ni heri auze haraka kabla hawajachakaa, ambayo mara nyingi si kweli. Farasi huishi miaka 25 hadi 30, kwa hiyo mwalimu wa miaka 70 anaweza kabisa kuacha farasi wa miaka minane mwenye umri wote wa kazi mbele yake na thamani kubwa. Wanafunzi wakubwa ndio wanaojua thamani hiyo. Wajibu wao ni kukaa upande wa familia siku mnunuzi anapokuja, wapande farasi mbele yake, waseme umri na afya yake bila kuficha, na wahakikishe kwamba mzee wa miaka 27 aliyefundisha watoto wa vijiji vitatu haishii kwa mchinjaji kwa sababu hakuna aliyemsemea. Na wale waliokuwa wamelipia masomo ambayo hayakufundishwa, kama mikono yao inawaruhusu, wasidai.

Watoto wanafunzi waambiwe ukweli kwa maneno ya kawaida: mwalimu amefariki. Wakiambiwa amesafiri wataendelea kumngoja kila Jumamosi. Waleteni bandani, wapeni brashi, waache wamsugue farasi waliyemzoea. Wengi watasema wakiwa na brashi mkononi maneno ambayo hawatayasema wakikalishwa kitini.

Wengine hutaka farasi awepo mazishini, na kwa mtu aliyeishi na farasi hiyo ni heshima kubwa. Novemba 1963, nyuma ya jeneza la Rais John Kennedy wa Marekani, alitembezwa farasi mweusi asiyepandwa aitwaye Black Jack, buti zikiwa zimewekwa kinyumenyume katika vikuku vya tandiko. Tarehe 19 Septemba 2022, jeneza la Malkia Elizabeth wa Pili lilipokuwa likielekea kasri la Windsor, farasi wake mdogo mweusi, Emma, alisimamishwa kando ya njia akiwa ametandikwa, mtunzaji wake amemshika. Ni picha zisizosahaulika. Lakini Black Jack alihangaika na kurukaruka njia nzima, naye alikuwa farasi wa jeshi. Kama familia inataka heshima hiyo, achaguliwe farasi aliyezoea watu na kelele, ashikwe na mtu anayemjua, na turubai linalopigwa na upepo likae mbali naye. Na kama familia haitaki, wanafunzi wasilazimishe.

Suala la fedha linakuja baada ya maua kunyauka. Mwalimu wa kupanda farasi mara chache huwa tajiri. Alichopata kwenye masomo kilirudi kwenye nyasi, na kifo kinapokata masomo kinakata mapato ya nyumba siku hiyo hiyo huku gharama zikiendelea. Katika mbio za farasi za Uingereza walijifunza jambo hili kwa uchungu. Desemba 1963, mpandaji Tim Brookshaw alianguka katika uwanja wa Aintree akapooza. Miezi michache baadaye, Machi 1964, Paddy Farrell alianguka katika mbio za Grand National kwenye uwanja huo huo, naye akapooza. Farrell alikuwa na mke na watoto wanne wadogo. Watu wa mbio walichanga kwa ajili ya hao wawili, na kutokana na mchango ule ukazaliwa mfuko wa kudumu, Injured Jockeys Fund, ambao mpaka leo unawasaidia wapandaji walioumia na familia zao. Mmoja wa waliousimamisha ni John Lawrence, aliyekuja kuitwa Lord Oaksey, mpandaji na mwandishi wa habari za mbio, aliyeutumikia mfuko huo kwa kalamu na kwa miguu mpaka uzee wake. Chanzo kimojawapo cha mapato yake ni kadi za Krismasi. Kadi za karatasi, zinazouzwa kila mwaka, zimejengea watu nyumba za matibabu. Ile ya Lambourn iliyofunguliwa mwaka 2009 inaitwa kwa jina la Oaksey, naye alifariki mwaka 2012 akiwa ameshaiona.

Nimewataja kwa sababu wao walielewa kwamba mchango wa siku ya mazishi ni wa siku ya mazishi. Familia ya mwalimu inaweza kuhitaji ada ya shule miaka mitatu baadaye. Mchango mdogo unaorudi kila mwaka, wenye mweka hazina na hesabu zinazosomwa hadharani, unafaa kuliko kapu kubwa la mara moja.

Zipo pia nyumba ambazo aliyebaki ni mtoto aliyefundishwa na marehemu huyo huyo, na hapo msaada unaohitajika ni wa namna nyingine. Reiner Klimke wa Münster, Ujerumani, alikuwa mwanasheria kwa kazi na mpanda farasi kwa moyo. Alishinda medali sita za dhahabu za Olimpiki, mbili kati ya hizo Los Angeles mwaka 1984 akiwa na farasi wake Ahlerich. Moyo ulimsimama Agosti 1999, akiwa na miaka 63. Binti yake Ingrid alikuwa amejifunzia kwake. Alifiwa na baba na mwalimu kwa siku moja, na kila farasi aliyempanda kesho yake alikuwa na mkono wa baba ndani yake. Ingrid aliendelea. Alivihuisha upya vitabu vya mafunzo vya baba yake, akashinda dhahabu ya timu katika Olimpiki za mwaka 2008 na 2012. Watu wakikumbuka ushindi huo husema damu. Mimi nadhani yapo pia mazoea ya kila siku aliyoachiwa, jinsi ya kuanza asubuhi na jinsi ya kumaliza kazi ya farasi kabla hajachoka. Mtoto wa namna hii hahitaji kuambiwa kila wiki kwamba baba angefanya hivi au vile. Anahitaji watu wa kumshikia farasi wa pili wakati anampanda wa kwanza, na ruhusa ya kufanya mambo kwa njia yake.

Afrika Mashariki farasi hawakuenea. Ugonjwa wa farasi wa Kiafrika unaobebwa na visubi, na nagana ya mbung'o, viliwafagia sehemu nyingi, na waliobaki wamekaa zaidi kwenye nyanda za juu. Hata hivyo Nairobi ina uwanja wake wa mbio kwenye barabara ya Ngong tangu mwaka 1954, chini ya Jockey Club of Kenya, na uwanja huo una hadithi yake ya kumtunza mtu. Beryl Markham aliletwa Kenya akiwa mtoto mdogo, akakulia Njoro kwenye shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, ambaye ndiye aliyemfundisha farasi. Baba alipoondoka kwenda Peru, binti alibaki, na akiwa na miaka 18 alipata leseni ya kufunza farasi wa mbio, mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Mwaka 1936 aliruka kwa ndege peke yake kuvuka Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi, lakini baadaye alirudi kwa farasi, na farasi aliowafunza walishinda Derby ya Kenya mara sita. Uzeeni hakuwa na kitu. Watu wa mbio walimpa nyumba ndani ya uwanja wa Ngong akaishi humo, na mwaka 1986 alifariki Nairobi akiwa bado anasikia kwato asubuhi. Hawakungoja afe ndipo wamkumbuke.

Katika utoto wake kule Njoro alikuwapo rafiki wa rika lake, Kibii, mwana wa arap Maina. Arap Maina alimchukua msichana yule kwenye mawindo pamoja na vijana wa kabila lake, akamfundisha kutulia mbele ya mnyama. Aliuawa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwanawe, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta, alifanya kazi na Beryl kwa miaka mingi katika mabanda ya farasi na hata kwenye ndege. Dunia inalijua jina la Beryl. Ninaandika majina ya arap Maina na arap Ruta hapa kwa makusudi, kwa sababu katika kila zizi la nchi hii yuko saisi aliyemfundisha mtu kitu ambacho mwenye cheti hakumfundisha: jinsi ya kumsogelea farasi mkorofi kwa ubavu, jinsi ya kujua kwa kugusa sikio kwamba mnyama ana homa. Saisi naye ni mwalimu. Akifa, mjane wake anastahili zamu ile ile, daftari lile lile la michango na kiti kile kile mbele, hata kama matanga yako kijijini mwendo wa siku nzima kwa basi.

Kwa mwalimu anayesoma haya akiwa mzima: nunua daftari leo. Andika jina la kila farasi, umri wake, mwenyewe ni nani, anakula nini, anaumwa nini, daktari na fundi wa kwato ni nani na wanalipwaje, na nani unataka achukue kila mmoja ikiwa familia haitaweza kuwatunza. Mwambie mwenzi wako na saisi wako daftari liko wapi. Na wewe uliyefundishwa, ambaye mwalimu wako amezikwa mwezi uliopita au mwaka uliopita, mpigie mjane simu Jumatatu umuulize nani analisha asubuhi. Akijibu kwamba ni yeye mwenyewe, nenda.